Lita 3.2 Zilikwenda Wapi? Shajara ya Kufufua Injini ya Gari la Familia

Odomita 148,212. Siku ya 1

Gari letu la familia, SUV ya viti saba yenye injini ya petroli ya silinda nne na ujazo wa lita 2.4, lilizimika leo barabarani likiwa kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa. Mume wangu ndiye aliyekuwa kwenye usukani. Naukumbuka vizuri mfuatano wa mambo kwa sababu macho yangu yalikuwa kwenye dashibodi: tulipokuwa tunaimaliza kona ndefu, taa nyekundu ya oili iliwaka kwa muda usiozidi sekunde moja ikazimika, halafu ukasikika mlio wa kukwaruza upande wa mbele wa injini, mithili ya mnyororo unaoburutwa juu ya bati, taa ya injini ikawaka, nguvu zikaisha na injini ikanyamaza. Breki zilibaki nyepesi kwa mikanyago miwili au mitatu, kisha kanyagio likawa gumu, lakini kufikia hapo gari lilikuwa limeshatoka barabarani na kusimama salama.

Mume wangu alijaribu ufunguo mara moja. Injini ilizunguka, ikakohoa, ikakataa, nami nikamwomba asirudie. Nilichomoa kijiti cha kupimia oili, nikakifuta, nikakirudisha na kukichomoa tena, kikatoka kikavu hadi nchani. Chini ya gari hapakuwa na tone, na katika miezi yote iliyopita hatukuwahi kuona doa mahali linapoegeshwa.

Ushauri wa kwanza tuliopewa, kabla fundi yeyote hajafungua boneti, ulikuwa kununua injini iliyotumika na kuitupa hii. Huenda ndiko tutakakoishia. Hata hivyo, sitaki kununua injini nyingine kabla sijajua hii ilikunywa oili yake kwa njia ipi, kwa kuwa injini ya pili ya aina ileile inaweza kuja na koo lileile.

Odomita 148,212. Siku ya 3

Kaka yangu, ambaye amekuwa akifungua injini kwa zaidi ya miaka 20, amekubali kuisimamia kazi hii kila mwisho wa juma kwa sharti moja, kwamba hakuna boliti itakayolegezwa kabla kipimo kinachohusika hakijaandikwa.

Kipimo cha kwanza ni cha oili yenyewe. Tuliimwaga kwenye chombo chenye alama za ujazo na kuiacha ichuruzike kwa saa 2, tukapata lita 1.45, na baada ya kuongeza kile kilichokuwa ndani ya filta tulikadiria jumla ya lita 1.6. Injini hii hubeba lita 4.8 pamoja na filta. Oili ilibadilishwa mara ya mwisho odomita ikiwa 140,800, kwa hiyo lita 3.2 zilitoweka katika kilomita 7,412, yaani takriban lita 0.43 kwa kila kilomita 1,000.

Hesabu hiyo ilinishtua kwa sababu ambayo sikuitarajia. Baadhi ya watengenezaji wa magari huhesabu lita 1 kwa kilomita 1,500 au hata kwa kilomita 1,000 kuwa ni matumizi yanayokubalika, na yetu ilikuwa ikimaliza lita 1 katika kilomita 2,300 hivi. Kwa kigezo hicho injini yetu ilikuwa nzima. Tatizo ni kwamba kigezo hicho humchukulia mwenye gari kuwa anapima na kuongeza oili kati ya huduma moja na nyingine, ilhali sisi tulikuwa tukisubiri kilomita 10,000 zitimie bila kukigusa kijiti, tukiamini kwamba oili ikipungua taa itatuambia.

Taa hiyo haipimi kiasi cha oili. Imeunganishwa na swichi ya presha ambayo kwa kawaida huiwasha pale tu presha inaposhuka hadi karibu bar 0.3 au 0.5, na kwa oili kupungua peke yake presha haishuki kiasi hicho mpaka pampu ivute hewa badala ya oili. Sampu, yaani bakuli la oili lililo chini ya injini, ikiwa na lita 1.6 na gari likiwa kwenye kona, oili yote hukimbilia upande mmoja na mdomo wa pampu hubaki wazi. Ile sekunde moja ya taa nyekundu ndiyo hasa ilikuwa sekunde ya pampu kuvuta hewa.

Niliuliza kwa nini hatukuwahi kuona moshi wa buluu. Kaka alinipa kalamu akaniambia nipige hesabu. Tukikadiria mizunguko 2,000 ya injini kwa kila kilomita, silinda nne zimewaka karibu mara milioni 30 katika safari zote hizo, hivyo kila mwako ulikula takriban sehemu moja ya elfu kumi ya mililita. Kiasi kidogo namna hiyo, kikipita kwenye masega ya ekzosi yaliyo moto, yale yanayosafisha moshi, huungua kabla ya kutokea nyuma. Injini inayokula oili bila kutoa moshi si jambo la ajabu hata kidogo.

Odomita 148,212. Siku ya 5

Kompyuta ya gari ilikuwa imehifadhi misimbo mitatu ya hitilafu: P0011, unaohusu taimingi ya kamshafti (shafti inayofungua vali) ya vali za kuingiza kuwa mbele kupita kiasi, P0016, unaoonyesha kwamba kamshafti na krankishafti, au kranki (shafti inayozungushwa na pistoni), hazipatani, na P0420, unaohusu utendaji dhaifu wa masega. Miwili ya kwanza inaeleza kwa nini injini ilizima ghafla badala ya kukwama. Gia ya kamshafti inayobadili taimingi huendeshwa kwa presha ya oili, na kikaza cheni, kinachoikaza cheni inayozungusha kamshafti, pia husukumwa kwa presha hiyohiyo, kwa hiyo presha ilipokatika cheni ililegea, kamshafti ikapotea mahali pake na mwako ukavurugika.

Tulizungusha injini kwa mkono kwa kutumia boliti ya puli ya kranki, mizunguko miwili kamili ili kila pistoni ipite hatua zake nne. Haikukwama popote. Baada ya hapo tuliikata filta na kuikunjua karatasi yake juu ya meza. Ndani yake kulikuwa na chenga zinazong'aa, na sumaku haikuzivuta. Chuma kingevutwa, kwa hiyo hizi zilitoka kwenye beringi, ambazo uso wake si wa chuma.

Hapa tulitofautiana. Kaka alitaka sampu ifunguliwe mara moja, nami nilitaka kwanza tujue presha na mgandamizo wa silinda, ili tusije tukavunja ushahidi tukiwa tunautafuta. Tulikubaliana tuweke oili mpya, tufunge geji ya mkono mahali pa swichi ya presha, tuzungushe kwanza kwa stata huku fyuzi ya pampu ya petroli ikiwa imetolewa, kisha tuiwashe kwa dakika chache tu. Cheni ilipiga kelele kwa sekunde mbili ikatulia. Presha ilikuwa bar 3.8 injini ikiwa baridi, nayo ilipopata joto ikashuka hadi bar 0.6 kwenye silensa, yaani injini ikizunguka polepole bila gesi kukanyagwa. Taa ya dashibodi ilibaki imezima muda wote. Mtu asiye na geji angeongeza oili, angeona taa imezimika, na angeendelea na safari hadi konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, itoboe bloku.

Mgandamizo ulikuwa bar 12.4, 12.2, 12.6 na 12.3. Niliandika pembeni mwa daftari, kuhusu pete zinazoizunguka kila pistoni: "Ringi ni nzima." Sentensi hiyo imetugharimu majuma manne, nami ninaiacha ilivyo.

Odomita 148,212. Siku ya 10

Sampu ilifunguliwa gari likiwa juu ya vishikizo, injini ikiwa mahali pake. Wavu wa mdomo wa pampu ulikuwa umezibwa kwa karibu theluthi moja na chembe za kaboni pamoja na nyuzi za silikoni, dalili kwamba aliyewahi kuifunga sampu hii zamani alipaka gundi nyingi kupita kiasi, ikaminyikia ndani na kukatika. Hilo halikumaliza oili, lakini liliifanya pampu iishiwe mapema zaidi kiwango kiliposhuka.

Beringi za konrodi zilitolewa moja baada ya nyingine. Ya silinda ya 2 ilikuwa imefutika safu ya juu na rangi ya shaba ilikuwa inaonekana katika nusu ya upana wake, ya 3 ilikuwa na mikwaruzo, za 1 na 4 zilikuwa zimechakaa kwa kiasi cha kawaida. Shingo za kranki zilinusurika: kucha haikukwama kwenye mkwaruzo wowote, na tofauti ya vipimo kati ya pande mbili za shingo ya silinda ya 2 ilikuwa milimita 0.01. Tulizing'arisha kwa msasa laini sana uliolowekwa oili, tukafunga beringi mpya za saizi ya kawaida, na kwa uzi wa plastiki wa kupimia nafasi tukapata milimita 0.04 kwa zote, ambayo iko ndani ya kipimo cha kitabu. Boliti za kofia za konrodi ni za kuvutika mara moja, hivyo zilibadilishwa zote nane.

Kikaza cheni kipya kilifungwa na cheni ikahakikiwa kuwa haijaruka jino. Kwa kuwa nilikuwa nimeshajiaminisha kwamba ringi ni nzima, mshukiwa wangu alikuwa vali ya PCV, ile inayorudisha mvuke wa ndani ya injini kwenye njia ya hewa. Ikikwama wazi, injini huivuta oili yake yenyewe pamoja na mvuke huo. Yetu ilikuwa nzito kwa uchafu na haikutoa mlio ilipotikiswa, na bomba la hewa lilikuwa na utando wa oili ndani. Niliibadilisha nikiwa na furaha ya mtu aliyempata mwizi.

Odomita 148,230. Siku ya 18

Injini inawaka kwa utulivu. Presha ni bar 1.3 kwenye silensa injini ikiwa moto, na bar 3.6 kwenye mizunguko 3,000 kwa dakika. Msimbo wa P0016 haujarudi. Leo tumeanza jaribio rasmi la matumizi ya oili.

Utaratibu wake ni huu. Gari husimamishwa kila mara mahali palepale pa usawa, injini ikiwa imefikia joto la kazi, kisha huzimwa na kuachwa dakika 10 ili oili ishuke kwenye sampu. Kiwango hujazwa hadi alama ya juu. Kila baada ya kilomita 250 tunarudia, na oili tunayoongeza hatuipimi kwa macho bali kwa mizani ya jikoni: chupa hupimwa kabla na baada ya kumimina. Oili hii ina uzito wa takriban gramu 845 kwa lita, na gramu hazidanganyi kama zinavyodanganya alama mbili za kijiti zilizoachana kwa umbali wa kidole.

Wengi wametushauri tuweke oili nzito zaidi. Nimekataa kwa sasa, si kwa sababu haiwezi kupunguza matumizi, bali kwa sababu tukibadili vali ya PCV na daraja la oili kwa wakati mmoja hatutajua ni kipi kilichofanya kazi. Tunaendelea na oili nyepesi ya daraja la 0W-20.

Odomita 149,230. Siku ya 31

Nyongeza zilikuwa gramu 95, 105, 110 na 120. Jumla ni gramu 430, sawa na lita 0.51 kwa kilomita 1,000.

Vali mpya ya PCV haikubadili kitu. Mwizi wangu hakuwa mwizi, ingawa alistahili kufukuzwa kwa uchafu wake.

Nilitoa plagi nikiwa na hasira kidogo. Za silinda za 2 na 3 zilikuwa na majivu meupe upande mmoja na nyuzi zake zilikuwa zimelowa oili. Kamera ya bomba iliyopitishwa kwenye matundu ya plagi ilionyesha pistoni zenye vichwa vyeusi katikati lakini vyenye ukingo msafi uliooshwa pande zote, kama sufuria iliyosuguliwa mdomoni tu. Ukingo unaooshwa namna hiyo huashiria oili inayopanda kutoka chini, pembeni mwa pistoni, wala si ile inayodondoka kutoka juu kupitia sili za vali. Nilimpelekea kaka picha pamoja na vipimo vyangu vya mgandamizo, nikamuuliza ringi inawezaje kupitisha oili na bado kuzuia bar 12.

"Dada," akaniambia, "ringi ya oili haina habari na mgandamizo."

Ilinibidi nikae chini. Kila pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu ndizo zinazozuia gesi, na ndizo ambazo geji ya mgandamizo huzipima. Ya tatu, ya chini, kazi yake ni kuikwangua oili ukutani mwa silinda na kuirudisha kwenye sampu kupitia matundu madogo yaliyotobolewa kwenye pistoni, na inaweza kufa kabisa bila geji kutikisika. Zaidi ya hayo, silinda iliyolowa oili huziba vizuri zaidi kuliko silinda kavu, kwa hiyo injini inayokula oili huweza kuonyesha mgandamizo wa kupendeza. Bar 12 zangu zilikuwa, kwa sehemu, ni oili ileile niliyokuwa naitafuta.

Odomita 149,262. Siku ya 33

Kabla ya kuishusha injini tulijaribu kuziloweka ringi kwa kimiminika cha kuyeyusha kaboni, kilichomiminwa kupitia matundu ya plagi na kuachwa usiku kucha pistoni zikiwa katikati ya safari zao. Oili ilimwagwa asubuhi kwa sababu kimiminika hicho hushukia kwenye sampu na kuiharibu oili.

Odomita 149,740. Siku ya 40

Gramu 190 katika kilomita 478, yaani lita 0.47 kwa kilomita 1,000. Tofauti hiyo ni ndogo kiasi kwamba aina ya barabara peke yake ingeweza kuileta. Injini itashushwa.

Odomita 149,740. Siku ya 46

Hedi, sehemu ya juu ya injini yenye vali, imetoka, pistoni zote nne zimetoka, nami nimepata jibu la swali lililoko juu ya shajara hii.

Ringi ya oili ya injini hii ni ya vipande vitatu: reli mbili nyembamba za chuma na kati yake kitanuzi chembamba chenye mikunjo kinachozisukuma nje. Kwenye pistoni ya silinda ya 2 na ya 3 reli hizo zilikuwa zimegandishwa ndani ya mfereji wake kwa kaboni ngumu ya rangi ya kahawa, na nilipozibonyeza kwa kidole hazikurudi. Kwenye pistoni ya 1 na ya 4 zilirudi kivivu. Kila pistoni ina matundu manne ya kurudishia oili, kila tundu likiwa dogo kuliko kijiti cha kiberiti. Kati ya matundu 16, matundu 11 yalikuwa yamezibwa kabisa, na tuliyazibua kwa waya mwembamba ili tu kuona kilichomo: kaboni iliyokaa kama simenti, kiasi kwamba waya ulipinda mara mbili kabla ya kupenya.

Nimelitafakari hili kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingine yoyote ya mradi, kwa sababu linaeleza kasi ya ajali nzima. Watengenezaji walizipunguzia ringi za oili mkazo ili zisisuguane sana na silinda na gari litumie petroli kidogo. Ringi yenye mkazo mdogo hutegemea usafi wa mfereji wake kuliko ile ya zamani yenye mkazo mkubwa, ambayo ingejilazimisha kufuata ukuta wa silinda hata ikiwa chafu. Oili ikibaki nyuma ya ringi na kukosa tundu la kutokea, huokwa kwa joto la pistoni na kuwa kaboni, kaboni hiyo hupunguza nafasi ya kupitisha oili, oili zaidi hubaki na kuokwa. Na kadiri sampu inavyopungukiwa, oili iliyosalia huzunguka mara nyingi zaidi, huchemka zaidi na kuchakaa haraka zaidi. Kilomita 10,000 kati ya badiliko moja na jingine zilikuwa nyingi kwa injini hii na safari zetu, ambazo nyingi ni fupi na huisha kabla oili haijapata joto la kutosha kuchemsha maji na petroli iliyoingia ndani yake.

Habari njema zilikuwa ukutani mwa silinda. Mikwaruzo ya msalaba iliyoachwa na kiwanda ilikuwa bado inaonekana karibu pote. Kipenyo cha kawaida ni milimita 88.00, na mahali palipochakaa zaidi, kwenye silinda ya 2, tulipata 88.02. Hatutachonga silinda wala kuweka laina, yaani kuta mpya. Hedi ilipimwa kwa rula nyoofu na kupatikana na upinde wa milimita 0.03, chini ya kikomo cha 0.05.

Odomita 149,740. Siku ya 58

Ujenzi umekamilika. Pistoni mpya ni za toleo lililorekebishwa, zenye matundu mengi na makubwa zaidi ya kurudishia oili, na ringi zake zina mkazo ulioongezwa kidogo. Silinda zilipitishiwa mawe ya kusugulia kwa wepesi ili kurudisha mikwaruzo ya msalaba, kisha zikaoshwa kwa maji ya moto na sabuni hadi kitambaa cheupe kilipopita bila kuchafuka. Kaka aliirudia hatua hiyo mara tatu, kwa maelezo kwamba unga wa mawe uliobaki ukutani huzila ringi mpya katika wiki moja.

Nafasi ya ncha za ringi ya juu ilipimwa kwa kuingiza kila ringi ndani ya silinda yake yenyewe: milimita 0.28, 0.30, 0.28 na 0.29. Ncha zilipangwa zisikutane, kila moja ikielekea upande wake. Kitanuzi cha ringi ya oili ndicho kilichotutaabisha, kwa kuwa ncha zake zikipandana badala ya kugusana reli hukaa vibaya na kazi yote hurudi mwanzo. Pistoni ya 4 ilitolewa na kufungwa upya kwa sababu hiyo.

Gasketi ya hedi, boliti za hedi, cheni na miongozo yake vilifungwa vipya, na wavu wa pampu umebadilishwa. Nilibadilisha pia sili zote 16 za vali, ambazo zilikuwa zimekuwa ngumu kama plastiki. Kaka alicheka. Alinikumbusha kwamba mimi niliyekataa oili nzito ili nisibadili mambo mawili kwa pamoja sasa ninabadili sili na ringi siku moja, na kwamba sitaweza kuandika ni gramu ngapi zilipita wapi. Ana haki. Lakini hedi imeshatoka, na sitaishusha injini hii mara ya pili kwa ajili ya usafi wa jaribio.

Nilichunguza pia masega. Kwa geji iliyofungwa mahali pa kihisio cha oksijeni kabla injini haijashushwa, presha ya nyuma ilikuwa bar 0.1 kwenye mizunguko 2,500, kwa hiyo hayajaziba, ingawa majivu ya oili iliyoungua, hasa fosforasi iliyomo kwenye viongezi vyake, yameyapunguzia uwezo. Tutayaacha yalivyo na kuona kama P0420 itarudi.

Odomita 149,850. Siku ya 61

Injini iliwashwa baada ya pampu kuzungushwa kwa stata hadi geji ikaonyesha bar 2. Hatukuiacha kwenye silensa, kwa sababu ringi mpya huhitaji presha ya mwako nyuma yake ili zikae ukutani. Tuliiendesha kwa mwendo unaobadilika, tukiongeza kasi kwa nguvu ya wastani na kisha kuachia kanyagio ili injini ilivute gari, tukirudia hivyo mara nyingi bila kuzidi mizunguko 4,000. Oili na filta vimebadilishwa leo baada ya kilomita 110. Filta ilikatwa: vumbi laini la chuma, ambalo linatarajiwa, na hakuna chenga za beringi.

Odomita 150,850. Siku ya 75

Gramu 170 kwa kilomita 1,000, sawa na lita 0.20. Niliandika namba hiyo kwa wasiwasi, lakini ilikuwa imegawanyika hivi kwa kila kilomita 250: 75, 45, 30 na 20. Ringi zinakaa. Oili imebadilishwa tena.

Odomita 151,850. Siku ya 92

Gramu 70. Presha ni bar 1.4 kwenye silensa injini ikiwa moto. Nilimwuliza kaka kama sasa tunaweza kuipakia familia nzima na kwenda mbali, akajibu kwamba injini haijui ni familia au ni mawe, ili mradi kijiti kipimwe.

Odomita 152,850. Siku ya 113

Gramu 45 kwa kilomita 1,000, yaani karibu lita 0.05, takriban sehemu moja ya kumi ya ilivyokuwa kabla ya kushushwa. P0420 ilirudi juzi kama msimbo unaosubiri, na taa haijawaka. Masega yatapimwa tena odomita ikifika 155,000, na ikiwa joto la upande wa kutokea halitazidi lile la upande wa kuingilia injini ikiwa moto, yatabadilishwa.

Oili sasa itabadilishwa kila kilomita 5,000. Kijiti kinapimwa kila tanki la pili la petroli, na daftari lenye gramu limehamishwa kutoka mezani pangu hadi kwenye mfuko wa mlango wa dereva, ambako leo asubuhi nimekuta mwandiko wa mume wangu: kilomita 152,850, alama ya juu, hakuna kilichoongezwa.